Gari Refu la Babu Lina Thamani Gani?

12 Januari

Mume wangu wa mbali,

Hujambo wewe na mke mwenzangu? Mimi sijambo, ila goti la kushoto siku hizi lina mambo yake, likiamua kukunjika linakunjika bila kuniuliza. Shangazi yako amehamia hapa tangu mwezi uliopita, anasema amekuja kunitunza. Kwa hiyo sasa napikia watu wawili. Paa la jikoni limezibwa. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo zangu safi.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Nilikaa kwenye ubao wa simu wa posta miaka yote ile, nikiwaunganisha watu wagombane, wachumbiane na kuahidiana uongo. Masikio yangu yalistaafu pamoja nami. Mkono bado uko kazini.

Sasa neno lenyewe. Ni lile gari la babu yako, lile refu. Yeye aliliita stesheni wagoni, mimi nililiita stesheni wageni, maana halikukosa wageni hata siku moja. Siku aliyolinunua hakuniuliza. Alikuja nalo jioni akapiga honi getini, nikatoka na mwiko mkononi nikidhani kuna ajali. Rangi yake ni ya chai ya maziwa iliyolala. Na kwa kuwa mtaani hapakuwa na gari jingine refu hivyo, kila aliyezidiwa alipakiwa humo, na kila aliyefariki pia. Babu yako hakujua kusema hapana. Ndiyo maana leo watoto wakipita getini wanaziba pua, na watu wazima wanavuka barabara kama waliosahau kitu upande wa pili.

Shangazi yako anataka liondoke apate mahali pa kuanikia nguo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja, akalipiga tairi teke, akasema atalikatakata na kulichukua kwa kilo. Kwa kilo, kama viazi.

Wewe ndiye mthamini wa magari, kampuni ya bima inakulipa kwa kazi hiyo hiyo. Njoo uliangalie, uniambie lina thamani gani.

Bibi yako


3 Februari

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na alama ya kikombe juu ya bahasha, sijui ni cha kwako au cha posta. Sisi hatujambo. Mke mwenzako anakusalimu na kukupa pole kwa kutunzwa na shangazi. Kazini tumehamishiwa ghorofa ya juu kabisa na lifti ni mbovu, kwa hiyo wateja wanatufikia wakiwa wamechoka hata kudanganya. Madai ya uongo yamepungua sana.

Kuhusu kuja, mwezi huu haiwezekani. Meneja yuko likizo na mafaili yake yote yamehamia mezani kwangu. Lakini gari linaweza kukaguliwa kwa barua ukinisaidia. Chukua bisibisi, uchome chini ya milango na kwenye sakafu ya nyuma. Ikigonga, hapo kuna chuma. Ikizama, ni kutu iliyopakwa rangi. Kisha vuta ile stiki ya oili uitazame. Oili ya rangi ya asali ni njema, nyeusi ni uzee, na ikiwa nyeupe kama maziwa basi ni msiba. Samahani, nilitaka kusema ni hasara. Mwisho, mtu aliwashe asubuhi injini ikiwa baridi, nawe usimame nyuma utazame moshi.

Nikwambie mapema usije ukanilaumu: kwa kitabu chetu, gari la umri huo lina thamani ya tairi nne mpya za gari jingine. Na hapo mtaani hakuna atakayelitaka hata bure.

Mume wako mdogo


24 Februari

Mume wangu msomi,

Salamu zimefika. Shangazi yako aliteleza bafuni, hakuumia sana, lakini sasa mimi ndiye ninayemtunza rasmi. Paka ameliacha kapu langu akahamia kabatini kwake, na mtaa mzima umesikia.

Nimefanya ulivyosema. Chini ya milango ya mbele bisibisi iligonga vizuri. Chini ya mlango wa nyuma ilizama mpaka kwenye mpini, nikabaki nimeishika kama mtu anayechoma keki kuona kama imeiva. Ukiinua zulia la nyuma unaiona ardhi, na kuna jani moja la nyasi limeshapenya. Oili ni nyeusi, haina maziwa. Kuwasha, nilimwita jirani yetu Mstaafu, yule aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alileta betri yake. Gari liliguna, likakohoa, likanyamaza, kisha likashika kwa kishindo mpaka kuku wakaruka ukuta. Moshi ulitoka wa buluu, halafu ukaisha. Mstaafu aliweka kiganja juu ya boneti akasema, "Mama, injini hii ni nzima kuliko sisi wawili."

Ndani kunanuka dawa ya hospitali, petroli na ile sabuni ya babu yako ya kunawia mikono. Nilikaa humo kidogo.

Nina maswali. Klachi ni nzito mno. Huwa inalegezwa, au mtu anatakiwa kuizoea tu? Mtu mfupi akijiwekea mto mgongoni, sheria inamruhusu? Na ukisimama kwenye mlima mkali, nyuma yako kuna lori, unaondokaje bila kumrudia mwenzio? Ni mnunuzi ndiye anayeuliza.

Bibi yako


18 Machi

Bibi, shikamoo.

Mpe shangazi pole ya bafuni na ya kabatini. Mke mwenzako amepandishwa cheo pale maabara, na sasa hata nyumbani ananipa maagizo kwa sauti ya kikazi. Jana niliosha vyombo na kumpa taarifa.

Mnunuzi gani huyu? Nimekutana na wanunuzi wa kila namna, sijamwona anayeuliza habari za milima kabla ya kuuliza bei. Lakini mjibu hivi: avute breki ya mkono, aiachie klachi polepole mpaka asikie gari linataka kwenda, ndipo ateremshe breki. Mto haujakatazwa na sheria yoyote ninayoijua. Klachi ile ni ya kuzoea tu. Babu mwenyewe alikuwa na paja moja nene kuliko jingine.

Sasa hali ya gari kama ulivyoieleza. Injini nzuri, bodi ya mbele nzuri, sakafu ya nyuma imeoza, inataka kukatwa na kuchomelewa bati jipya. Tatizo langu ni historia yake. Karatasi zetu zina mahali pa kuandika ajali, moto na mafuriko. Hazina mahali pa kuandika kwamba limebeba marehemu. Niliwauliza wenzangu. Mmoja alisema nipunguze bei nusu, mwingine akasema mbali na mtaa wenu hakuna atakayejua, kwa hiyo ninyamaze. Mimi naona mnunuzi aambiwe.

Nilitaka kuja mwezi wa nne, lakini nimepewa malori ya kampuni moja ya usafirishaji, yote yanataka kukaguliwa. Labda baadaye.

Mume wako


9 Aprili

Mume wangu mwenye shughuli nyingi,

Mpongeze mke mwenzangu, na endelea kuosha vyombo. Hapa sote wazima. Shangazi yako ameninunia, nitakueleza sababu.

Mnunuzi ni mama wa makamo, mfupi, mwenye heshima zake. Ameanza kulizoea gari. Siku ya kwanza aliondoka na lango la jirani, lakini lango limenyooshwa na jirani amepoa. Mstaafu hukaa pembeni yake ameishika dashibodi kwa mikono miwili, anadai anapumzika. Wiki iliyopita mama huyo alikwenda kwenye mtihani wa udereva. Ofisa alimwuliza, "Bibi, umekuja kumsindikiza nani?" Alirudi na leseni. Hapo ndipo shangazi yako aliponuna.

Jambo la pili. Kwanza ilikuwa meneja, sasa malori. Hujakanyaga hapa tangu tulipomzika babu yako, na hata siku zile za msiba ulishinda upande wa jikoni, hukupita upande lilipoegeshwa gari. Siulizi. Nasema tu kwamba niliona.

Kwa kuwa huwezi kuja kulikagua, gari litakuja kukaguliwa huko huko. Mwezi wa tano, barabara zikikauka.

Bibi yako, dereva


30 Aprili

Bibi, shikamoo.

Tu wazima. Leo sina utani mwingi. Tafadhali usiliendeshe gari hilo kuja huku. Tairi zimezeeka, sakafu unaijua, na njia nzima ni malori. Shangazi amenipigia simu akilia.

Nitakwambia kwa nini siji, ili na wewe usije. Meneja alisharudi, na malori yalikwisha. Ni gari lenyewe. Asubuhi ile Babu alipozidiwa, nami nikiwa hapo kwa likizo, tulimlaza nyuma, wewe ukakaa naye, mimi nikaendesha. Alisema nisinyamaze, kimya kinamchosha. Nikaanza kumsimulia habari za yule mteja aliyemleta jogoo ofisini awe shahidi wa ajali. Nilisimulia njia nzima kwa sauti zote, ya mteja, ya meneja, ya jogoo. Niliingia lango la hospitali nikicheka mwenyewe. Nikageuka nimwone kama na yeye anacheka, nikauona uso wako.

Sijui nilikuwa nikimsimulia nani, na tangu wapi. Sijakuuliza kwa kuwa naogopa utanijibu. Nikilifikiria gari lile naisikia sauti yangu ikiwika kama jogoo, na mtu amelala nyuma yangu hanisikii. Hata kazini, likiletwa gari refu la aina ile, nampa mwenzangu.

Basi umejua. Liache liende kwa kilo.

Mjukuu wako


16 Mei

Mume wangu,

Sijambo kabisa, na huku ni kuzuri. Nasema huku kwa sababu siko nyumbani. Niko katikati ya njia ya kuja kwako, kwenye nyumba ya wageni inayotazamana na stendi ya mabasi. Chumba ni kisafi, shuka zimepigwa pasi. Barua yako niliisoma, nikalala nayo, asubuhi nikawasha gari. Mstaafu alitaka kunisindikiza, nikamwambia gari hili limezoea abiria wasiosema, na yeye anasema sana.

Hukuuliza, lakini nakujibu. Tulikuwa tunapita kiwanda cha matofali, nawe ulikuwa umefika pale jogoo aliporuka juu ya meza ya meneja. Babu yako alicheka. Sikwambii hivi ili kukufariji, tumbo lake lilitikisika chini ya mkono wangu. Akasema, taratibu, "Mezani kabisa?" Kisha akavuta pumzi, akaitoa, na nyingine haikuja. Nilisubiri kidogo. Nikajua.

Njia iliyobaki ulinisimulia mimi. Nilisikiliza kila neno. Ningekwambia, ungesimama pale vumbini, na mimi ningekuwa na watu wawili wa kuwaangalia. Pia nilitaka kukaa naye kabla watu hawajaanza kuja, na sauti yako ilitufaa. Nimewasikiliza watu wakizungumza maisha yangu yote ya kazi, mume wangu. Sijapata kumsikia mtu akisindikizwa vizuri hivyo.

Sikukwambia baadaye kwa kuwa hukuuliza, nami nilidhani huulizi kwa kuwa unajua. Tumekuwa wajinga wote wawili.

Sasa gari. Jana mchana lilitoa mvuke kama birika. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka, na maduka ya hapa hayana wa kufaa. Leta mwingine. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, ameapa kuifikisha mlangoni kwako. Mama mwenye nyumba hii ana kitalu cha miche huko uani. Amelizunguka gari tangu jana, anataka kujua kama viti vya nyuma vinalala.

Nakusubiri. Sina pa kwenda.

Bibi yako


11 Juni

Bibi, shikamoo.

Nimerudi salama. Mke mwenzako amekuta nimenenepa na amekasirika kwamba hakuwepo. Umesema niandike yaliyotokea njiani ili shangazi asomewe na mtu asiyetia chumvi. Basi shangazi, sikiliza.

Nilishuka stendi na mpira wa rejeta mfukoni. Gari lilikuwa kando ya ukuta, limejaa vumbi, na mtu ameandika kwa kidole kwenye kioo cha nyuma, "Nioshe." Bibi alikuwa barazani anakunywa chai na mwenye nyumba. Hakuinuka. Alisema, "Lile pale," kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni.

Niliingia chini yake kwanza, kwa sababu ukiwa chini huvioni viti. Nilikaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Sakafu ni mbovu kuliko alivyoandika Bibi, lakini nguzo za fremu ni nzima, na injini haina tone linalovuja. Nikafunga mpira, nikajaza maji. Kisha kazi ya nje ikaisha, ikabaki kufungua mlango.

Bibi alikuja akasimama karibu yangu. "Kwako au kwangu?" akaniuliza.

"Kwako."

"Nani anaendesha?"

Nikasema ni mimi. Akanipa funguo, akazunguka akakaa mbele, na mto wake akaupakata. Tukautoka mji. Ndipo akasema, "Simulia."

"Nisimulie nini?"

"Chochote, ila jogoo namjua."

Nikamsimulia juu ya mteja wetu mmoja, mwanamke aliyelala kiti cha nyuma cha gari lake, mwizi akaja akaliiba bila kumwona. Wakaenda mwendo mrefu, yule mama akaamka, akauliza, "Samahani, tumefika wapi?" na mwizi, kwa mshtuko, akamjibu kwa adabu zote. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu akanyamaza.

Nikamtazama. Nikatazama barabara. Nikamtazama tena.

"Tazama unakokwenda," akasema. "Sijafa. Natafuta miwani."

Hapo nikaegesha pembeni na kulia, shangazi, sitakuficha, nililia kama mtoto. Bibi hakunibembeleza. Alifungua mkoba akatoa karanga, tukala mpaka zikaisha, kisha akasema tukichelewa utatufungia mlango. Mengine unayajua, maana ulitufungia.

Tathmini yangu, Bibi, niliyoifanya kwa macho na si kwa barua, ni hii: gari linatembea, linasimama, linapanda mlima. Bati la sakafu litengenezwe kabla halijapakia mzigo. Lisiende kwa kilo. Ile bei niliyokuandikia chini ya ukurasa, usishuke hapo, na mnunuzi aambiwe yote.

Mume wako


2 Julai

Mume wangu,

Tunashukuru, shangazi yako alisomewa akaomba arudiwe pale pa mwizi. Amesamehe, tena anauliza kama umri wake unaruhusu kujifunza.

Gari limeondoka. Yule mama wa nyumba ya wageni alikuja kwa basi, na fundi wake wa kuchomelea. Nilimkalisha, nikamweleza moja kwa moja: humo wamelala wagonjwa na marehemu wa mtaa huu, na wa mwisho alikuwa mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri, kisha akauliza, "Na jua likipita kwenye kile kioo kikubwa cha nyuma, halitaniunguzia miche?" Nikamwambia aweke pazia. Tukaelewana, juu kidogo ya bei yako.

Shangazi yako alitazama dirishani aone kama nitalia. Sikulia. Gari lile sikuwahi kulipenda, na sikutaka kuanza uzeeni. Nilitaka tu lisikatwe. Lilipokata kona nilijikuta nimesimama na mguu wa kushoto unakanyaga klachi isiyokuwepo, basi.

Sasa uwanja ni mtupu na leseni ninayo. Nitafutie gari dogo, la mtu mfupi, klachi laini, rangi ambayo watu wataiona. Ulikague kama unavyomkagulia mgeni, usinionee haya.

Bibi yako, dereva asiye na gari


19 Julai

Bibi, shikamoo.

Tumefurahi wote, na mwambie shangazi umri unaruhusu, ila Mstaafu atahitaji dashibodi ngumu zaidi.

Nimelipata. Ni dogo, jekundu, la mwalimu aliyekuwa analiendesha shuleni na kurudi. Bisibisi imegonga kila mahali. Klachi yake unaweza kuikanyaga ukiwa umevaa kandambili. Nimeliendesha siku tatu nikitafuta kasoro, nikapata moja: redio haifanyi kazi.

Wenzangu walitaka kulipakia kwenye lori la kampuni, nimekataa. Nalileta mwenyewe Ijumaa. Mke mwenzako anakuja nami. Ameomba nisimsimulie habari za ofisini njia nzima, nikamwambia hilo siwezi kuahidi.

Mume wako